Kujua Kushuka

Katika njia tunayoshindania baiskeli hapa Didia kuna korongo ambalo huwaangusha wageni. Njia inateremka ghafla katikati ya migunga, udongo mgumu unakatika, na mbele yako panatanda mchanga mweupe mithili ya unga wa muhogo. Ukifika pale ungali juu ya kiti, tairi la mbele linazama na wewe unaendelea peke yako kwa tumbo. Wenyeji hushuka mapema. Hatua kumi kabla ya mchanga mguu wa kulia umeshavushwa nyuma, mtu amesimama juu ya pedali moja kama konda anayening'inia mlangoni, kisha anatua huku akikimbia, mkono wa kulia unapita ndani ya fremu, baiskeli inalala begani, na anavuka korongo kama aliyetumwa kumwita mkunga. Ng'ambo ya pili anaitua bila kusimama, anaruka, anakanyaga. Akifanya vizuri, huwezi kusema ni lini aliacha kuendesha na ni lini alianza kukimbia.

Nimeutazama ufundi huo kwa miaka, nami nimeufanyia mazoezi kwa miaka, na bado naona ni moja ya mambo mazuri ambayo mwili wa binadamu unaweza kuyafanya.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumatatu hadi Ijumaa niko na chaki, madaftari na vikao. Mashindano huja baada ya mavuno, pamba na mahindi vikishatoka shambani na watu wakiwa na nafasi ya kusimama kando ya njia. Ni msimu uleule ambao Wasukuma wameshindania ngoma tangu zamani, Bagika huku na Bagalu kule, kila kundi likijaribu kuwanyang'anya wenzake watazamaji. Kule Bujora, karibu na Mwanza, wangali wanafanya hivyo katika sikukuu ya Bulabo mwezi Juni. Mgeni akiniuliza mtu aliyelima tangu Novemba anapata wapi nguvu za kukimbiza baiskeli juani, humwambia akatazame zile ngoma kwanza. Sisi tukimaliza kuvuna tunatafuta wa kushindana naye.

Kiswahili humwita mtu kama mimi mchezaji wa ridhaa. Napenda sana neno hilo. Limezaliwa tumbo moja na radhi, ile tunayowaomba wazazi kabla ya safari. Mtu wa ridhaa hajaajiriwa wala hajalazimishwa, ameridhia. Zawadi ikiwepo ni mbuzi au fedha kidogo, na mara nyingi inakwenda kwa mtu mwingine. Lakini nikiamka saa kumi na moja alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajanyamaza, nikafunga tochi kwenye usukani na kwenda kurudia kushuka na kupanda mara thelathini katika korongo lile lile, hakuna aliyenituma. Saa moja nimeshaoga na niko mstarini na wanafunzi.

Watu wanaofikiri kwamba kazi inamnyima mtu muda wa mchezo hawajaishi Usukumani. Huku baiskeli ni kazi. Ilinunuliwa kwa fedha za pamba, ikabeba marobota ya pamba iliyofuata, ikabeba bibi harusi, ikabeba mgonjwa. Mjini Shinyanga, ukisema daladala zamani, watu walielewa baiskeli yenye kiti cha sponji juu ya karia, na kijana anayekupeleka popote bila kelele. Mwendeshaji bora niliyewahi kushindana naye ni mchuuzi wa maziwa. Kila asubuhi hupitisha madumu mawili yaliyojaa katika vijia vya ng'ombe, na maziwa hayasamehe. Ukitikisa sana yanafika yameanza kuwa siagi. Miaka ya kulinda mzigo ule imempa mikono laini ajabu. Siku ya mashindano, karia ikiwa imeondolewa na madumu yamebaki nyumbani, anapita juu ya mashimo kana kwamba bado ameyabeba, naye hapunguzi mwendo.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliipa sayansi neno katena. Ni Kilatini, maana yake mnyororo. Alikuwa ameona kwamba udongo wa nchi zetu unapangana mteremkoni kwa utaratibu uleule, kutoka kilima hadi bondeni, pete baada ya pete. Wasukuma tayari walikuwa na jina la kila pete. Juu, karibu na mawe, kuna luseni, mchanga. Chini kidogo, itogolo. Halafu ibambasi, gumu kama sakafu. Bondeni kabisa, mbuga nyeusi. Mkulima hutumia majina haya kujua wapi apande karanga na wapi mpunga. Sisi tunayatumia kujua wapi tushuke.

Luseni huadhibu mwenye papara. Hapo unapunguza upepo kwenye tairi kabla ya kuanza, unakaa nyuma kidogo, unaacha usukani uchezecheze wenyewe bila kuubana. Ukiubana unaanguka. Itogolo ni mahali pa kukanyaga. Ukitaka kumpita mtu, mpite hapo. Ibambasi hudanganya, kwa sababu inaonekana kama lami, na juu yake kuna vumbi jembamba linaloteleza kama sabuni. Usipige breki ukiwa umeinama kwenye kona. Na mbuga ndiyo baba lao. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kulimeza tairi zima, na nyayo za ng'ombe waliopita wakati wa mvua zimekauka zikawa kama matofali yaliyomwagwa ovyo. Meno yanagongana. Mwaka mmoja tulishindana mwishoni mwa Desemba, mvua ilikuwa imenyesha usiku, na ile mbuga ilinata kwenye magurudumu mpaka yakagoma kuzunguka ndani ya fremu. Sote tulishuka. Nilibeba baiskeli karibu nusu kilomita nikiwa na kilo kadhaa za udongo wa serikali ya kijiji, na yule wa maziwa alikuwa mbele yangu, naye amebeba, amevua viatu, anakimbia pembeni juu ya nyasi ambako hakuna mwingine aliyefikiria kwenda. Alishinda kwa miguu.

Siku hiyo nilielewa kwamba mashindano yetu yana ndugu. Kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji kuna mchezo wa baiskeli wa mashambani unaoendeshwa katika majira ya baridi, baada ya mbio kubwa za barabarani kwisha. Askari wa Kifaransa, Daniel Gousseau, ndiye anayetajwa kuwa aliyeusukuma mwanzoni, na ubingwa wa kwanza wa Ufaransa ulifanyika 1902. Octave Lapize, aliyeshinda Tour de France mwaka 1910, alisema kwamba mchezo huo wa matopeni ndio uliomwandaa. Ubingwa wa kwanza wa dunia ulikuwa Paris mwaka 1950, na Jean Robic akauchukua. Wanazunguka njia ileile kwa muda wa saa moja hivi, na imewekwa makusudi ili mtu alazimike kushuka: ngazi, vizuizi vya mbao, matope. Mwaka 2012 ubingwa wa dunia ulifanyika Koksijde, pwani ya Ubelgiji, juu ya vilima vya mchanga. Nilipoziona picha zake kwenye simu ya fundi wangu nilicheka kwa furaha. Wale mabingwa, wenye baiskeli nyepesi kama mbuzi mchanga, walikuwa wamezitupa begani wanakimbia mchangani, mkono wa kulia ndani ya fremu, sawasawa na sisi.

Tofauti zipo. Kanuni zao haziruhusu tairi pana kuliko milimita 33. Tairi la Phoenix yangu, lile la inchi 28 kwa moja na nusu, linakaribia 40, na chuma chake ni chuma kweli. Bega langu la kulia lina sugu.

Lazima nimtaje fundi, maana bila yeye hakuna mashindano. Anakaa chini ya mwarobaini, upande wa pili wa barabara ya lami iendayo Tinde. Baiskeli ya kushindania huanza kwa kuvuliwa: anatoa madigadi, karia, stendi, boksi la cheni, taa na dinamo. Kinachobaki ni mifupa. Halafu anaigeuza kichwa chini, anazungusha gurudumu, anasikiliza. Hutumia ukucha kupiga spoku moja moja kama mtu anayejaribu nyuzi za zeze, na ile iliyolegea huijua kwa sauti yake. Goroli huzihesabu mbili mbili kwenye kiganja na kuzilaza ndani ya grisi bila kuharakisha, hata kama foleni ni ndefu. Miiba ya migunga ndiyo adui yetu mkubwa kuliko mpinzani yeyote, na dawa yake ni tairi kuukuu lililokatwa waya za pembeni likalazwa ndani ya jipya. Baiskeli inakuwa nzito zaidi, lakini inafika. Nimewahi kumlipa kwa kuku. Nimewahi kumlipa kwa kumfundisha mwanawe hesabu za sehemu, jioni tatu, palepale chini ya mti, tukitumia pete za cheni.

Siku hizi anapokea pikipiki zaidi. Siwezi kumlaumu. Kizazi changu kilikuwa bado na vijana wengi wa kushindana nao. Sasa akitokea mmoja mwenye miguu, msimu wa pili nasikia yuko Kahama au Geita, shimoni, anatafuta dhahabu, na akirudi anarudi na pikipiki au harudi. Yule wa maziwa naye alikwenda miezi minane. Aliporudi alikuwa anakohoa, na msimu ule hakushindana. Nilishika nafasi ya tatu mwaka huo, nafasi yangu bora kuliko zote, na nilipopita korongoni nilijikuta namtafuta mbele yangu.

Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa barabarani ulikuja Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, upande huu huu wa dunia tunaoishi. Tulitazama kwa fundi, watu kama ishirini kwenye simu moja. Tadej Pogačar alipowaacha wenzake, mzee mmoja aliyesimama nyuma aliuliza kama huyu kijana ana shamba. Swali lile lilikuwa la haki. Sisi wote tuliokuwa pale tuna shamba, au duka, au ng'ombe, au darasa, na tunamtazama anayekanyaga baiskeli kuwa ni mtu aliyeacha kitu fulani ili aje kukanyaga.

Nilimkumbuka Sule Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya, aliyefariki Agosti 2022 akishindana kwenye barabara za vumbi huko Vermont, Marekani. Yeye na wenzake wa timu ya Amani waliamini kwamba mlango wa Mwafrika wa mashariki katika mchezo huu uko kwenye njia zisizo na lami. Naamini walikuwa sahihi. Njia hizo ndizo tulizonazo, na tumezisoma tangu utotoni.

Kuna kushuka kwingine ambako hakumo katika kanuni za Wabelgiji. Hapa kwetu, ukikutana na mzee njiani ukiwa juu ya baiskeli, unashuka. Unashika usukani, unainama kidogo, unasema mwangaluka baba, mwangaluka mayu, unasubiri aitikie, halafu unaendelea. Ndivyo nilivyolelewa. Wakati wa mashindano wazee wenyewe wamekubali kutusamehe, na wengine hupiga kelele kutoka kivulini kwamba tukanyage, tusiwatazame. Lakini katika njia nyembamba ya ngitili, malisho yetu ya akiba, ambako majani ni marefu na mtu humuoni mpaka umemfikia, niliwahi kumkuta bibi mwenye ndoo kichwani katika mzunguko wa mwisho, nikiwa wa tano. Miguu yangu ilishuka kabla sijaamua. Nilibeba baiskeli begani nikapita nyasini, nikamsalimia, naye akaitikia bila kugeuza shingo ili maji yasimwagike. Wawili walinipita tulipotokea kwenye mwanga. Sijui kama ningeweza kufanya vingine. Mwili ulikuwa umefundishwa jambo hilo zamani zaidi kuliko korongo.

Jumamosi iliyopita mvulana wa darasa la saba alinifuata korongoni na baiskeli ya baba yake. Ni kubwa kwake na karia imechomelewa, haitoki. Nilimwonyesha: vusha mguu mapema, juu, usiguse karia, mkono wa kushoto ubaki kwenye usukani, wa kulia ushike bomba la juu, usitazame mchanga, tazama ng'ambo. Mara ya kwanza suruali ilinasa. Mara ya pili alishuka vizuri lakini akasimama, na baiskeli ikamwangukia. Mara ya tatu alishuka, akakimbia hatua nne, akasahau kuibeba, na magurudumu yakachora mfereji mchangani nyuma yake. Alitazama mfereji ule kwa muda, akafuta jasho, akaikokota baiskeli kurudi juu ya mteremko, akageuka.