Kasisi Aliyekuwa Mwinyi

Mshika mbili, moja humponyoka. Sabine Baring-Gould wa Lew Trenchard, Devon, hakuponyokwa. Mwaka 1872 alirithi ardhi ya babake. 1881 ami yake, kasisi wa parokia, akafariki. Haki ya kumteua kasisi mpya ilikuwa ya mwenye ardhi. Basi akajiteua mwenyewe!

Dunia inamjua kwa wimbo wa askari wa Kikristo, alioutunga 1865 kwa ajili ya maandamano ya watoto, na ambao hata makanisa yetu huuimba kwa Kiswahili. Yeye alijivunia zaidi nyimbo za wazee wakulima wa Devon na Cornwall, alizozinakili kabla hawajazikwa nazo.

Mimi nampendea ndoa yake. Mwaka 1868 alimwoa Grace Taylor, binti wa kiwandani, wakajaliwa watoto 15. Inasimuliwa kwamba katika sherehe moja alimuuliza mtoto, “Wewe ni wa nani?” Mtoto akaangua kilio: “Wako, baba!” Grace alipofariki mwaka 1916, mumewe aliagiza kaburi lake lichorwe kwa Kilatini kwamba alikuwa nusu ya roho yake.