Mzinga wa Kilimanjaro

Riwaya ya Jules Verne, Sans dessus dessous, ilitoka Ufaransa mwaka 1889, na kwa kawaida huwekwa fungu moja na mizaha yake. Kampuni ya Kimarekani inanunua kwa mnada, mjini Baltimore, eneo lote lililo juu ya latitudo ya 84 kaskazini, ipate kuchimba makaa ya mawe chini ya barafu. Barafu nayo itayeyushwaje? Kwa kuunyoosha mhimili wa dunia, kwa kishindo cha mzinga uliochimbwa ubavuni mwa Kilimanjaro. Habari za kazi hiyo zinaufikia ulimwengu kwa simu ya waya kutoka Zanzibar.

Aliyoyatungia mzaha Verne, leo ni shughuli za serikali. Mwaka 2007 Warusi walisimika bendera ya titani sakafuni mwa bahari, chini ya Ncha ya Kaskazini, kina cha zaidi ya mita 4,000. Mwaka 2008 wanajiolojia wa Marekani walikadiria kuwa Aktiki ina mapipa bilioni 90 ya mafuta yasiyogunduliwa. Septemba 2012 barafu ya bahari ilisinyaa hadi kilomita za mraba milioni 3.4, na meli itokayo Yokohama kwenda Rotterdam kwa pwani ya Urusi hupunguza yapata theluthi ya mwendo wa Suez. Wanunuzi wa Baltimore wangeielewa hesabu hiyo mara moja.

Katika riwaya, dunia inaokolewa na kosa. Maston, bingwa wa hesabu, anasahau sifuri tatu katika mzingo wa dunia. Mzinga unalia, mhimili hautikisiki, msomaji anacheka. Kicheko hicho sasa kina uchungu. Miaka saba tu baadaye, mwaka 1896, Msweden Svante Arrhenius alichapisha hesabu zake za jinsi hewa ya ukaa inavyoongeza joto la dunia, na hakusahau sifuri. Makaa yaliyotafutwa chini ya barafu ndiyo, yalipochomwa kwingine, yaliyofanya kazi ya mzinga.

Udhaifu wa kitabu uko karibu na nyumbani. Ulaya nzima inapiga kelele ikijua bahari zitahama. Wamasai wanachimba tu, kwa amri ya Sultani Bali-Bali, kinyago kitupu, maana Wamasai hawakupata kuwa na sultani. Mfasiri wa Kiswahili hatashindwa na mizinga wala latitudo. Atakwama kwa Bali-Bali: amwache alivyo, au amwandikie utangulizi mrefu kuliko sura yenyewe.