Urari wa Sihiri: Usawa Si Neno Lake

Mfasiri atakayekabidhiwa kanuni za Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, hatakwama penye majina ya majoka. Atakwama penye vipimo. Kiingereza kimetumia neno moja kupimia ukomavu wa mhusika na pia uzito wa sihiri, hata mfanya sihiri wa kiwango cha 5 ndiye kwanza anaruhusiwa sihiri za kiwango cha 3. Gygax mwenyewe alieleza katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 kwamba maneno mbalimbali yalifikiriwa, yakaachwa kwa sababu ya mazoea. Mazoea hayo si yetu. Mhusika na awe na ngazi, sihiri iwe na daraja.

Neno zito zaidi ni lile la kulinganisha nguvu. Katika matoleo ya kwanza mfanya sihiri alianza na sihiri moja kwa siku, nayo ikiisha kutumika humtoka akilini, kama katika hadithi za Jack Vance. (Kitenzi “kuhifadhi” hakifai hapa: aliyehifadhi hapotezi kwa kusoma mara moja. “Kushindilia”, kama baruti ya gobore, ni karibu zaidi.) Lakini kila ngazi iliongeza dadu moja katika pigo la tufe la moto, na hatimaye mpiga upanga aliachwa nyuma kabisa.

Wengi wangeiita dawa ya kasoro hiyo “usawa”. Sisi tunalikataa neno hilo. Toleo la mwaka 2008 lilitafuta usawa hasa: kila mhusika, hata wa upanga, alipewa uwezo wa kutumia apendapo, mwingine mara moja kwa pambano, mwingine mara moja kwa siku. Wachezaji wengi walilalamika kwamba wahusika wamefanana. Toleo la mwaka 2014 lilirudisha tofauti: sihiri ndogo hazina hesabu, kubwa zina nafasi maalumu, na tufe la moto ni dadu nane tu, mpaka mtumiaji atoe nafasi ya daraja la juu zaidi.

Watunza hesabu wanalo neno la jambo hili tangu zamani. Pande mbili za daftari hazina vitu vilevile, ila jumla zake hukutana. Huo ni urari, na ndilo neno tungependa liingizwe katika orodha.