Jua la Pili Si Pambo

Kwenye The Three-Body Problem, riwaya ya Liu Cixin ya 2008, majua matatu yanavurugana na hakuna anayejua kesho italeta nini. Inanasa, kweli. Lakini Alpha Centauri yenyewe imetulia: nyota mbili zinazungukana kwa takriban miaka 80, na ya tatu, Proxima, iko mbali mno, haiwasumbui. Jioni ya Mei ukiwa Pap Onditi, cheki kusini. Macho yataona nuru moja tu.

Hapo ndipo hadithi zetu nyingi za anga huteleza. Jua la pili linaning'inizwa kama taa za harusi, halafu maisha yanaendelea vilevile. Haiwezekani. Sayari ikizunguka nyota moja ya Alpha Centauri, ile nyingine itawaka usiku karibu nusu mwaka, kali kuliko mwezi mpevu mara nyingi sana.

Sasa muulize mvuvi wa omena. Taa yake huvuta samaki kukiwa na giza; mwezi ukijaa, kazi inalala. Huko angekaa miezi bila giza. Watoto wake wangekula nini? Mwandishi, anzia hapo. Ukijibu hilo, sayari yako ina watu.