Mkono Unaoutia Mkono Ganzi

Anayepasuliwa mkono si lazima alazwe usingizi. Mishipa ya fahamu ya mkono hutoka shingoni katika mizizi mitano, ikapita nyuma ya mtulinga ikiwa imesongamana, kisha ikashuka kwapani na kutawanyika hadi vidoleni. Ukiizungushia dawa pale iliposongamana, sindano moja hutosha kuutia ganzi karibu mkono mzima. Kazi ni kuipata.

Mwaka 1911, Mjerumani Diedrich Kulenkampff aliijaribu njia ya juu ya mtulinga mwilini mwake mwenyewe. Sindano iliingizwa bila kuona, na mgonjwa akatakiwa kusema pindi mkono upigwapo shoti. Shoti hiyo ndiyo iliyomwambia daktari kwamba amefika. Kwa miongo mingi, maumivu yakawa dira ya kuondolea maumivu. Na pafu liko jirani: sindano ikipitiliza, hewa huvuja kifuani.

Baadaye kikaja kifaa cha umeme hafifu, daktari akafuata mtikisiko wa misuli badala ya kusubiri mgonjwa ashtuke. Kisha mwaka 1994, huko Vienna, Stephan Kapral na wenzake wakaonyesha kwamba ultrasaundi inaweza kuiongoza sindano. Leo mishipa huonekana kwenye kioo kama kishada cha zabibu, kando ya ateri inayodunda.

Lakini kioo huonyesha kile tu ambacho mkono wa daktari umekielekea. Kipimo cha ultrasaundi anachokishika kikiinama kidogo, ncha ya sindano hutoweka kiooni, ingawa bado imo mwilini. Hapo ndipo ufundi unapojulikana: fundi husimama. Hasukumi ncha asiyoiona. Huitafuta kwanza, huvuta bomba kuhakikisha haingii damu, hutia dawa kidogo kidogo huku akiitazama ikitandaa. Ndiyo maana mililita 20, au pungufu, huweza kufanya kazi iliyokuwa ikimiminiwa 40.

Hata hivyo, ganzi ina mwisho wake, na mara nyingi huisha usiku, maumivu yakarudi kwa kishindo. Dawa ya deksamethasoni huweza kuirefusha kwa saa kadhaa, lakini haiwezi kuizuia isiishe. Kwa hiyo daktari ninayemsifu hupita wodini jioni: “Mama, vidonge hivi umeze sasa, ganzi ikiwa bado ipo. Usisubiri mkono uanze kuuma.” Maneno hayo nayo ni sehemu ya ufundi, kwani mgonjwa huutathmini upasuaji wake kwa usiku alioulala.