Simba Asiye na Urithi: Safari ya Madume Vijana wa Serengeti na Kisa cha Fumo Liyongo

Kampuni ya Disney ilipotoa filamu ya The Lion King mwaka 1994, Kiswahili kiliikopesha majina: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Kilichokopeshwa kiliishia kwenye maneno. Msuko ulitoka kwingine, na deni lake kwa Hamlet ya Shakespeare linajulikana. Tangu hapo mtazamaji anayekutana na simba dume kijana aliyefukuzwa kwao huwa na matarajio yaliyokwisha kuandaliwa: kijana huyo ni mrithi, aliyemfukuza ni mnyang'anyi, na safari yake itaishia palepale ilipoanzia. Makala haya yanadai kwamba matarajio hayo ni mageni kwa mnyama mwenyewe. Jambo lenye uzito zaidi kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ni kwamba matarajio hayo ni mageni pia kwa simulizi kongwe ya Waswahili kuhusu mwanamume aliyefukuzwa mjini akaishi porini, yaani kisa cha Fumo Liyongo.

Wasifu wa madume

Uchunguzi wa muda mrefu wa simba wa Serengeti ulianza mwaka 1966 kwa kazi ya George Schaller. Kitabu chake, The Serengeti Lion, kilichotoka mwaka 1972, kiliwatenganisha simba wakaao na simba wahamao. Waliomfuata, wakiwemo Brian Bertram, Jeannette Hanby na David Bygott, kisha Craig Packer na Anne Pusey kuanzia mwaka 1978, waliwatambua simba mmoja mmoja, hasa kwa mpangilio wa madoa yaliyo penye mizizi ya sharubu zao. Kwa njia hiyo maisha ya wanyama wengi yaliandikwa tangu kuzaliwa hadi kutoweka. Mhakiki wa fasihi ana sababu ya kulizingatia jambo hili, kwa kuwa hapa pana wasifu wenye wahusika wanaotambulika, vizazi vinavyofuatana na matukio yenye sababu.

Msuko wa wasifu huo kwa upande wa madume ni huu. Watoto wa kiume wa hirimu moja hukua pamoja katika kundi la mama zao na mama zao wadogo. Wafikapo umri wa kati ya miaka miwili na minne huondoka, mara nyingi kwa sababu madume wageni wamefika na kuwatimua wao pamoja na baba zao. Ndugu hutembea pamoja. Asiye na ndugu hutafuta mwenzi njiani, na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 1991 ulithibitisha kwamba ushirika mkubwa wa madume huwa wa ndugu wa damu, ilhali ule wa wawili au watatu huweza kuwaunganisha wasiohusiana kabisa. Huishi pembezoni mwa ardhi za wengine na kuwafuata wanyama wahamao. Wakishapata nguvu huvamia kundi, huwafukuza madume waliopo na huwaua watoto wachanga wanaowakuta, jambo linalowafanya mama zao washike mimba mapema. Hukaa hapo kwa kawaida miaka miwili au mitatu, kisha nao hutimuliwa. Wana wao wa kiume huanza safari ileile.

Katika msuko huu hakuna urithi wa kiume. Dume haachiwi ardhi na baba yake wala hamwachii mwanawe. Kinachorithiwa ni eneo, nalo hupitia kwa majike: mabinti wengi hubaki walipozaliwa, na kundi laweza kudumu kwa vizazi huku madume wakiingia na kutoka. Neno “mfalme”, ambalo vitabu vya watoto na vipeperushi vya utalii hulibandika kwa simba dume bila kufikiri, linamtaja mpangaji kana kwamba ni mwenye nyumba.

Mnyang'anyi na mkombozi

Ingekuwa kazi nyepesi kuishtaki filamu kwa kutofuata baiolojia. Wanyama wa ngano husema na kufanya hila, wala hakuna anayemlaumu sungura. Swali la kihakiki ni jinsi msuko wa urithi unavyoyagawa maisha ya mnyama mmoja kuwa nafsi mbili za kimaadili. Scar anamwondoa dume aliyepo, anataka mtoto wa dume huyo afe, kisha anakaa na majike aliowakuta. Hayo ndiyo yafanywayo na kila ushirika wa madume unaofanikiwa. Simba anaporudi naye anamwondoa dume aliyepo na kukaa na majike aliowakuta. Tendo ni moja. Kinachomfanya mmoja kuwa mhalifu na mwingine mkombozi ni nasaba: huyu ni mwana wa Mufasa. Filamu inaiunga mkono hoja hiyo kwa mvua inayorudi na nyika inayochipua, kana kwamba hali ya hewa nayo inamtambua mrithi halali. Toleo jipya la mwaka 2019, ingawa picha zake zilijitahidi kufanana na wanyama halisi, halikuugusa msuko huo. Pengine ndiyo sababu linamchosha mtazamaji: manyoya ni ya Serengeti, hoja ni ya kasri la Ulaya.

Hadithi inayohalalisha nguvu kwa nasaba ina siasa yake, na hapa siasa hiyo imevikwa jina la kawaida la Kiswahili. Mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi anapolisikia neno simba kama jina la pekee la mwana wa mfalme, lugha yake mwenyewe inamrudishia dhana ambayo haikutoka kwayo.

Uandishi wa kihabari umejaribu njia nyingine. Toleo la Agosti 2013 la jarida la National Geographic lilikuwa na makala ya David Quammen yenye picha za Michael Nichols, yanayomfuata dume aitwaye C-Boy. Mwaka 2009 alishambuliwa na madume watatu akanusurika, akapoteza kundi moja, kisha yeye na mwenziwe Hildur wakapata kwingine. Masimulizi hayo hayaahidi kurudi nyumbani, na kwa hilo yanaizidi filamu. Hata hivyo majina yaliyomo yanastahili kusomwa kwa makini zaidi ya alivyofanya mwandishi. Makundi yanaitwa Vumbi na Jua Kali. Washambuliaji wanaitwa Killers, jina ambalo ni hukumu, ingawa C-Boy na Hildur nao ni madume wa desturi ileile. Majina ya Kiswahili yameangukia upande wa ardhi na hali yake, yaani upande wa majike wanaobaki. Huenda watafiti hawakukusudia hivyo, lakini mgawanyo huo unaeleza muundo wa jamii ya simba vizuri kuliko neno “ufalme”.

Msamiati wa asiye na makao

Anayetaka kukisimulia kisa hiki kwa Kiswahili hukutana mapema na tatizo la kumtaja dume aliye njiani. “Mzururaji” lina harufu ya polisi. Katika Tanzania ya mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, lilikuwa neno la kuwakamatia vijana wa mjini wasio na kazi inayotambuliwa, na msomaji wa umri fulani hawezi kulisikia bila kukumbuka misako. “Mkimbizi” linamwonea huruma mapema mno, kwa kuwa mnyama huyuhuyu kesho atawakimbiza wengine. “Mhamaji” ni neno tulivu zaidi, ila linamfananisha na mfugaji ambaye njia zake zinajulikana na ana haki nazo. Kila neno lina hukumu ndani yake, na mwandishi anayelichagua bila kulipima huwa amekwisha kuamua kisa kabla ya kukisimulia.

Kwa upande wa dume aliyefika, lugha ina utajiri usiotarajiwa. Mwanamume anayehamia kwa mkewe husemwa, kwa kejeli, kwamba “ameolewa”. Kejeli hiyo inasahau desturi ya miji ya kaskazini mwa pwani. Katika familia za waungwana wa Lamu, nyumba ya mawe ilikuwa ya binti, na mume ndiye aliyeingia. Kumbukumbu za Pate nazo zinaueleza mwanzo wa utawala wa Wanabahani kwa mgeni aliyetoka Oman akamwoa binti wa mtawala na kupata utawala kupitia kwake. Wanahistoria wameutilia shaka ukweli wa masimulizi hayo, lakini kwa mhakiki inatosha kwamba wasimulizi waliuona mpango huo kuwa wa kusadikika. Jamii iliyojua mume kama mgeni katika nyumba ya ukoo wa mke haikuhitaji kukopa msuko wa Denmark ili kumwelewa simba dume.

Liyongo porini

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na mapokeo ya kale zaidi, ni kisa cha mwanamume mwenye nguvu anayeogopwa na mtawala wa Pate. Wapo watafiti waliousoma ugomvi huo kama mgongano wa taratibu mbili za kurithi, ya kuumeni na ya kuukeni. Mapokeo ya kishairi yanayomzunguka Liyongo humfananisha na simba, na wahakiki wameizoea tashbiha hiyo kama sifa ya ushujaa tu, sawa na lakabu ya Haidari anayopewa Ali katika tendi za vita. Ikisomwa kando ya wasifu wa madume wa Serengeti, tashbiha hiyo inabeba zaidi ya ushujaa. Liyongo yuko nje ya mji, katika nchi ya Waboni na Wasanye, pembezoni mwa eneo la mwingine. Wagala wanamtaka kwa ajili ya mbegu yake, wanamwoza binti wao, na mtoto anazaliwa upande wa mama. Mtawala anamwogopa kwa sababu uhai wake peke yake ni dai juu ya kiti.

Kijumwa hampi Liyongo kiti hicho. Mwana anayezaliwa hamrithi baba yake. Anahongwa kwa ahadi ya ndoa na makuu, anaitafuta siri ya baba yake, na anamchoma kitovuni kwa shaba. Ahadi haitimizwi. Utendi unaukata urithi katika ncha zote mbili, kwa baba na kwa mwana, na unafanya hivyo bila kumtukuza mwuaji wala kumsingizia mtawala nasaba iliyo bora. Hakuna mvua inayorudi. Ukali huo ndio unaoutofautisha na filamu, na ndio unaoukaribisha kwa yale yaliyoandikwa Serengeti.

Ulinganisho huu una mipaka, na mipaka yenyewe inafundisha. Methali isemayo kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja haiwafai simba hata kidogo: dume asiye na mwenzi ana nafasi ndogo ya kupata kundi, na ndogo zaidi ya kulilinda. Ushirika ndio njia kuu ya kufika. Katika utendi, ushirika ni mtego. Wenzake Liyongo wanaunda kikoa cha kula makoma, kila mtu akipanda mkoma kwa zamu, kusudi zamu yake ifikapo wampige mishale akiwa juu. Anazidungua koma kwa uta akiwa chini, nao wanabaki na njama iliyoharibika. Kijumwa anakijua vizuri kikoa cha vijana wa kiume, na anakigeuza kuwa mahali pa usaliti. Inasikitisha kidogo kwamba neno hilo, linalofaa sana kuutaja ushirika wa madume, limechukuliwa katika siku za karibuni na wataalamu wa intaneti kwa maana nyingine.

Tofauti nyingine ni ya sauti. Uchunguzi wa ngurumo umeonyesha kwamba dume mwenye kundi hunguruma, ilhali anayehama hunyamaza, kwa kuwa ngurumo humwita mwenye eneo. Methali ya simba mwenda kimya ndiye mla nyama kwa kawaida husomwa kama sifa ya mwindaji mwenye subira. Inaweza kusomwa pia kama hali ya asiye na ardhi, ambaye hana ruhusa ya kusema yupo. Liyongo hanyamazi. Akiwa gerezani anamtumia mama yake ujumbe kwa wimbo kupitia kwa Saada, na wimbo huo unaleta tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa, chakula ambacho walinzi wanakidharau. Anaikata minyororo huku ngoma ikivuma nje. Mtu asiye na mji ana ushairi, na ushairi wake unafika kwa mwanamke aliyebaki mjini.

Ni mwanamke huyohuyo anayerudi mwishoni. Liyongo anakufa akiwa amepiga goti karibu na kisima, mshale umo utani, na watu wa mji kwa siku kadhaa hawathubutu kuteka maji kwa kudhani yu hai na amekasirika. Mtawala hamwendei, na mwana aliyemwua hatumwi. Anayeombwa aende kumsihi ni mama yake, naye anakwenda na kumbembeleza kwa nyimbo hadi mwili unapoanguka wenyewe na mji unapata maji.