Kisanduku Kilichochomolewa

Ndugu zangu waandishi chipukizi, mniwie radhi, leo naongelea katuni. Katika jumba la sanaa la Tate, London, ipo picha ya Roy Lichtenstein iitwayo "Whaam!": ndege ya kivita imefyatua roketi, ndege ya adui inalipuka. Upana wake mita 4. Aliichora 1963, Tate wakainunua 1966. Nimeiona kitabuni tu, lakini inashtua kweli.

Chanzo chake kikuu ni kisanduku kimoja alichochora Irv Novick kwenye gazeti la katuni la Marekani, All-American Men of War, mwaka 1962. Lichtenstein alikipanua, akakigawa kwenye turubai mbili, akabadili hili na lile. Hakunakili tu, nakubali. Kinachoniudhi ni kwamba kisanduku kimechomolewa kwenye hadithi yake. Katuni hutazami picha moja ukaondoka, unasoma! Rubani katoka wapi? Kinafuata nini? Mimi kuandika mazungumzo mafupi nilijifunza kwenye Sani, siyo darasani. Huko mwalimu mmoja alinichania nakala yangu, eti uchafu.

Ningepewa ukuta ule, ningetundika kando ukurasa mzima wa Novick, jina lake juu, watu waanzie kisanduku cha kwanza.